Safari Sita za Kushuka Mlima

Kila linapozuka gumzo la watoto wa milimani waliokosa chanjo, lawama humfikia mama kabla hata hatujauliza njia ikoje. Hana elimu, amesikiliza uvumi, amejali mboga zake za gulioni kuliko mwanawe. Basi iandaliwe semina, yabandikwe mabango. Nina shaka na dawa hiyo kwa sababu nina shaka na ugonjwa wenyewe uliotajwa. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto wa miaka miwili ambaye rejesta inamwita mtoro wa chanjo, uisome kutoka juu kwenda chini. Mara nyingi utakuta BCG ya kifua kikuu imeandikwa, matone ya kwanza ya polio yapo, Penta ya kwanza, ile chanjo ya magonjwa matano, ipo, pengine na ya pili. Nafasi tupu zinaanza huko chini, penye surua. Asiyeamini chanjo haanzi. Aliyeanza akaishia njiani ana habari nyingine ya kutuambia, na kwa sehemu kubwa ni habari ya njia.

Mteremko huo hauko kwetu tu. Kwa makadirio ya WHO na UNICEF ya mwaka 2024, watoto 89 katika kila 100 duniani walipata dozi ya kwanza ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Waliofika dozi ya tatu walikuwa 85. Waliopata surua ya kwanza 84, na surua ya pili 76 tu. Ni kweli kwamba mwaka huo watoto milioni 14.3 hawakuguswa na sindano hata moja, wala sidai kwamba wote walizuiliwa na umbali. Vita navyo vina fungu lake kubwa. Lakini wale 13 wanaopungua kati ya 89 na 76 ni watoto wa wazazi ambao, kwa hesabu ya haraka, walikwisha kukubali. Hawakuhitaji kushawishiwa, walikuja wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tumlete vipi mama kliniki, tuulize alipokuja tulimfanyia nini. Katika vijiji vya milimani kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba safari ambayo mama ameifunga haiendi bure. Mengine yote ninayoshauri hapa yanatoka kwenye hilo.

Tuihesabu safari yenyewe. Ratiba ya Tanzania inamtaka mtoto afike anapozaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, mwezi wa 9 na mwezi wa 18. Ni safari sita. Mjini kila moja ni nusu saa ya daladala na foleni. Kwenye migongo ya Uluguru kule Mgeta, kwenye makorongo ya Lushoto, au Ludewa ambako safu ya Livingstone inaporomoka hadi Ziwa Nyasa, safari moja inakula siku nzima. Kilomita nne za ramani zinaweza kuwa saa tatu za miguu, kwa kuwa ramani haihesabu kushuka korongo na kupanda upande wa pili. Mwaka 2007, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, serikali iliweka lengo la zahanati kila kijiji, na zahanati nyingi zimejengwa kweli. Ila kijiji cha mlimani si mtaa. Zahanati ikiwa kwenye kitongoji cha barabarani, vitongoji vya juu vitasoma kwenye taarifa kwamba kijiji chao kina zahanati, na wataendelea kutembea vilevile.

Sasa mtazame anayebebwa. Mtoto mchanga ana kilo tatu, mgongoni hata hasikiki. Wiki ya 14 anakaribia sita. Miezi 9 ana nane au zaidi, na miezi 18 amepita kumi, tena anataka kushuka atembee, akishuka anachoka, anabebwa tena huku analia. Mzigo unaongezeka kila safari, na wakati huohuo sababu ya kuubeba inazidi kufifia machoni. Mtoto mchanga anatia hofu. Ukoo mzima unauliza ameshapelekwa? Mtoto wa mwaka na nusu anakimbiza kuku, ana shavu, hana hata kikohozi. Mama yake pengine ana mimba nyingine ya miezi mitano. Hapo katikati, kati ya wiki ya 14 na mwezi wa 9, kuna zaidi ya miezi mitano ambayo ratiba haina tarehe ya sindano, na ndipo mazoea ya kliniki yanapokatika. Ukitaka kujua kijiji kitapoteza watoto wake wapi, usitafute penye wakaidi. Tafuta hapo.

Na sasa mama huyu amefika. Ni saa nne asubuhi, miguu ina tope hadi magotini. Kwenye friji kuna chanjo ya surua na rubella, lakini ni ya unga, kwenye kichupa chenye dozi kadhaa, mara nyingi 10. Kikishachanganywa na maji yake, dozi zote lazima zitumike ndani ya saa 6, zinazobaki zinamwagwa. Leo wamekuja watoto wawili tu wa miezi 9. Muuguzi anaiona tayari taarifa yake ya mwezi, safu ya dozi zilizopotea, na swali atakaloulizwa na wilaya. Anawaambia rudini wiki ijayo, tutakusanya watoto wa kutosha. Ni uamuzi wa mtu anayetunza mali ya umma, na ndiyo maana una madhara makubwa: hakuna anayeuona kuwa kosa. WHO inaelekeza wazi kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Dozi nane zilizomwagwa zinahesabika, mtu anazisaini. Mama aliyepanda mlima akiwa na mtoto yuleyule, bila sindano, akaamua kimoyomoyo kutorudi, haonekani kwenye safu yoyote ya taarifa. Ningekuwa na neno moja tu la kumwambia mganga mkuu wa wilaya yenye milima, ningemwomba awaandikie wauguzi wake, kwa barua yenye mhuri, kwamba hakuna atakayeulizwa kwa kufungua kichupa. Karatasi moja kama hiyo ina thamani kuliko semina ya siku tatu.

Safari inaharibika kwa njia nyingine pia. Mtungi wa gesi wa friji umekwisha. Muuguzi pekee ameitwa kikaoni wilayani. Kliniki ya watoto ni Jumanne, mama amekuja Alhamisi kwa kuwa Alhamisi ndiyo siku ya gulio, na ndiyo siku ambayo angeshuka hata bila mtoto. Mengine ni ya ulimi: amekuja amechelewa mwezi mmoja, kadi imelowa mvua haisomeki, akakemewa mbele ya wenzake. Mjini mtu aliyekemewa hubadilisha kituo. Mlimani hakuna kituo kingine, kwa hiyo aliyekemewa hukaa nyumbani. Hapa nina la kuwaambia wazazi, maana wengi hukaa nyumbani kwa kudhani kwamba aliyechelewa ameharibu, eti ataanzishwa upya. Si kweli. Dozi alizopata mtoto hazifutiki. Anaendelea pale alipoishia, hata kama ni miezi mingi imepita. Ziko chache zenye ukomo wa umri, na muuguzi atazisema, lakini uamuzi huo ni wake, si wa kukata wewe ukiwa nyumbani. Kadi nayo iwekwe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, isichomekwe darini penye moshi wa jiko wala chini ya godoro.

Kwamba uhakika wa huduma unabadilisha matokeo si dhana tu. Ushahidi ninaouegemea zaidi unatoka Udaipur, Rajasthan, nchini India, eneo la vilima na vitongoji vilivyotawanyika. Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walilinganisha vitongoji 134, wakachapisha matokeo katika jarida la BMJ mwaka 2010. Vitongoji vilivyoachwa na huduma ya kawaida, watoto waliokamilisha chanjo walikuwa 6 tu katika 100. Walikopelekewa kambi ya chanjo kila mwezi, bila kukosa, siku inayojulikana, walifika 18. Walikopata kambi hiyo pamoja na kilo moja ya dengu kwa kila chanjo na seti ya sahani kwa aliyemaliza, walifika 39. Somo la kwanza ni kwamba kule kutokosa tu, bila zawadi yoyote, kulizidisha mara tatu. Somo la pili linahitaji utulivu kidogo. Kilo ya dengu haimnunui mtu anayeamini sindano itamdhuru mwanawe, ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Inamfaa mtu anayekubali chanjo lakini leo ana magugu shambani, anasema nitakwenda mwezi ujao, kama ambavyo sisi wenye ofisi tunaahirisha daktari wa meno. Dengu zile zilikuwa fidia ya siku ya kazi. Cha kushangaza, kambi zenye dengu zilitoka nafuu zaidi, takriban dola 28 kwa kila mtoto aliyekamilisha dhidi ya 56, kwa sababu muuguzi analipwa siku nzima aje mtoto mmoja au waje ishirini.

Wako watakaosema huko ni kuwahonga wazazi wafanye wajibu wao. Nauelewa wasiwasi huo, na kwa kijiji kisicho na fedha swali halipo hata kidogo. Lakini wanaouliza hivyo mara nyingi ndio wanaounga mkono faini. Kuna vijiji vilivyotunga sheria ndogo za kuwatoza wanawake wanaojifungulia nyumbani, na hamu ya kuwatoza wasiomaliza chanjo huja mara kwa mara. Faini inamfanya aliyechelewa amfiche mtoto. Mama anayedaiwa shilingi elfu kadhaa hatasogea karibu na daftari la mtendaji, na mtoto wake atatoweka kwenye hesabu tunayoihitaji. Kati ya zawadi ya kipande cha sabuni na faini, nachagua sabuni. Na kati ya sabuni na muuguzi anayefika siku aliyoahidi, nachagua muuguzi.

Basi kijiji kifanye nini? Kianze na huduma ya mkoba, yaani siku ambayo wahudumu wanabeba chanjo na kupanda nazo hadi kitongoji cha mbali. Wilaya nyingi za milimani zinayo kwenye mipango. Linalokosekana ni utimilifu. Serikali ya kijiji isiombe mkoba wa kila wiki ambao hautatimia. Iombe mmoja kwa mwezi, au hata mmoja kwa miezi miwili, lakini wa tarehe isiyobadilika na mahali pasipobadilika: Ijumaa ya kwanza ya mwezi, shuleni, au siku ya gulio, pembeni ya gulio, au kwenye kigango baada ya ibada, kwa makubaliano na katekista au mchungaji. Tarehe iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa shule na kwenye mlango wa mashine ya kusaga, kwa kuwa mashine haikosi wateja. Siku ikifika muuguzi asipoweza kuja, simu ipigwe asubuhi na mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye apeleke habari kabla wanawake hawajatoka nyumbani. Mkoba ulioahirishwa kwa taarifa unasameheka. Ulioahirishwa kimya unaua na ule unaofuata.

Wanaobeba mkoba nao wana jambo la milimani ambalo watu wa tambarare husahau. Sote tumefundishwa kwamba joto huharibu chanjo, na ni kweli kwa surua na matone ya polio. Lakini Penta, PCV ya nimonia na chanjo ya polio ya sindano huharibiwa zaidi na kuganda. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kisanduku cha baridi kilichopakiwa barafu moja kwa moja kutoka kwenye friza, kikabebwa alfajiri ya Juni kuelekea Makete ambako nje penyewe kuna sakitu, kinaweza kugandisha Penta kabla haijafika kilele cha kwanza. Kwa hiyo pakiti za barafu zitolewe, ziachwe mezani mpaka zitoke jasho, uitikise moja usikie maji yanacheza ndani, ndipo upakie. Kiraka kidogo kwenye kichupa, kile kimraba ndani ya duara la zambarau, kinaonyesha joto tu: kimraba kikishakolea kikalingana na duara, kichupa hakifai. Kuganda hakikuonyeshi. Sindano ya Penta iliyoganda haina alama ya nje kwa mama, ila safari yake imepotea vilevile, tena yeye anarudi akiamini mtoto amekingwa.

Jambo la pili ni kuhesabu watoto. Zahanati huhesabu dozi. Kijiji ndicho kinachoweza kuhesabu watoto, kwa maana kinawajua kwa majina, pamoja na yule aliyezaliwa nyumbani juzi na ambaye bado hana kadi. Daftari moja la shule linatosha kwa kila kitongoji: jina la mtoto, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, na visanduku sita kulia. Lishikwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au asipokuwepo, na balozi anayejua kusoma. Kila mwezi, siku mbili kabla ya mkoba, lipitiwe: nani anatimiza miezi 9, nani anatimiza 18, nani aliyerukwa. Anayekwenda kuwagongea aende na swali, asiende na hukumu: ni nini kilikukwamisha mara iliyopita? Majibu yaandikwe. Yakirudiarudia kwamba friji haikuwa na kitu, hayo ni maneno ya kupeleka kwa diwani, tena yana tarehe.

Nepal, nchi ambayo milima ndiyo sura yake, ilijenga utaratibu wake juu ya wazo hilohilo katika muongo uliopita. Maeneo ya serikali za mitaa hupita nyumba kwa nyumba, huhakiki kila mtoto, na hutangaza hadharani kwamba eneo lao limekamilisha chanjo. Kinachotangazwa ni watoto, na jirani anajua kama umesema uongo. Karibu zaidi na sisi kuna Rwanda, wanayoiita nchi ya vilima elfu. Kila kijiji kimechagua wahudumu wake wa afya, na dozi ya tatu ya Penta imekuwa ikiwafikia zaidi ya asilimia 95 ya watoto kwa miaka mingi. Mwaka 2011 ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kupeleka chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi, kwa wasichana nchi nzima. Atakayesema Rwanda ni ndogo na barabara zake ni nzuri hatakuwa amekosea. Lakini vilima vyake si vifupi kwa anayevipanda kwa miguu. Tanzania nayo ilizindua mwaka 2024 mpango wa kuwa na wahudumu wa jamii zaidi ya 130,000 katika miaka mitano. Vitongoji vya juu visingoje zamu yao kimya. Na wakati wa uteuzi ukifika, viombe mwenyeji anayelala huko juu, si kijana wa barabarani atakayepanda mara moja kwa robo mwaka.

Pamoja na hayo, mashaka ya watu yapo, na kuyadharau ni kosa jingine. Lililo la kawaida zaidi milimani ni hili: sisi tuko peke yetu, hewa ni safi, magonjwa hayo ni ya mijini. Lina chembe ya ukweli. Surua hushindwa kukaa mahali penye watu wachache. Hupita, hukosa wa kumshika, huisha. Ila kutokuwepo kwake si kinga, ni deni linalokusanyika. Mwaka 1846 surua iliingia kwenye visiwa vya Faroe, katikati ya Atlantiki ya Kaskazini, ambako haikuwa imeonekana tangu 1781. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, aliifuatilia nyumba kwa nyumba. Katika watu wapatao 7,800, zaidi ya 6,000 waliugua ndani ya miezi michache, na wazee waliowahi kuugua miaka 65 nyuma hawakuguswa. Miaka 65 ya hewa safi haikuwakinga wengine hata siku moja. Kijiji chetu hakina hata bahari ya kukizunguka. Kina gulio, kina wanafunzi wa bweni wanaorudi likizo, kina ndugu wanaopanda mlima kila Desemba na zawadi kutoka Dar es Salaam. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza kati ya watu 12 na 18 wasio na kinga, na kuizuia isienee kunataka watoto 95 katika 100 wawe na dozi mbili. Pepopunda ndiyo isiyojali kabisa upweke wako, maana vijidudu vyake viko kwenye udongo wa shamba lako mwenyewe na havingoji mgeni.

La pili husemwa na wazee: sisi tulikua bila sindano. Waliokua ndio wanaosema. Waliozikwa hawana wa kuwasemea. Utafiti wa kitaifa wa 1999 ulikuta watoto 147 katika kila 1,000 waliozaliwa hai Tanzania wakifa kabla ya miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Sehemu ya tofauti hiyo ni vyandarua, chumvichumvi za kuhara na dawa bora za malaria, si chanjo peke yake, na anayeipa chanjo sifa zote anadanganya. Hata hivyo fungu lake ni kubwa: hesabu iliyochapishwa katika The Lancet mwaka 2024 inakadiria kwamba chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154 tangu 1974, zaidi ya nusu yao kwa chanjo ya surua. Mzee akiulizwa kwa heshima, mlizaliwa wangapi, mkabaki wangapi, mara nyingi hujibu hoja yake mwenyewe.

La tatu ni homa, na hapa wa kulaumiwa ni sisi tunaochanja. Mama anarudi jioni, usiku mtoto anachemka na paja limevimba, jirani anasema nilikwambia. Kama muuguzi alimweleza mapema kwamba homa ya siku moja au mbili ni ya kawaida, kwamba anyonyeshe zaidi, amvue nguo nzito, ampe paracetamol kwa kipimo alichoelekezwa, basi usiku ule ni usumbufu. Kama hakuelezwa, usiku ule ni ushahidi. BCG nayo hufanya kidonda kidogo begani wiki kadhaa baadaye. Kiachwe kikauke, kisipakwe majani wala mafuta ya taa. Sentensi hizo mbili zisemwe kabla ya sindano, si baada, kwa lugha ya nyumbani kama mama anaielewa zaidi. Dalili za kumrudisha haraka zisemwe pia: degedege, kushindwa kunyonya, homa inayopita siku mbili. Kuogopa maumivu wala si ujinga wa mlimani. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida, Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwaka 1977, alikuwa mpishi wa hospitali aliyekwepa chanjo kwa kuogopa inauma. Alipona, na baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio hadi alipofariki mwaka 2013. Uvumi wa ugumba sitaurefusha. Anayeusambaza aulizwe tu kwamba mama walewale waliodungwa chanjo ya pepopunda kila mimba, hao watoto wanaojaza darasa la kwanza wamewapata wapi.

Safari ikishafanikiwa, ibebeshwe kila inachoweza kubeba. Mtoto apimwe uzito na urefu, apewe vitamini A ya kila miezi sita, dawa ya minyoo akiwa na umri wake. Upimaji huo si wa kujaza fomu: utafiti wa 2022 ulikuta udumavu Iringa kwa takriban asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano, na karibu nusu yao Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi. Mstari wa kadi unaolala badala ya kupanda huonekana mapema kwa anayeangalia. Mama afundishwe kuhesabu pumzi, kwa kuwa nimonia ni adui wa nyumba za baridi zenye jiko la kuni ndani. Mtoto ametulia, halii wala hanyonyi, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano: huyo apelekwe leo, usisubiri asubuhi. Anayeharisha apewe chumvichumvi, pakiti kwa lita moja ya maji safi, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Baba wa mtoto sijamtaja hadi sasa, na watu wa kliniki nao humsahau vilevile. Yeye ndiye mara nyingi mwenye neno la mwisho juu ya nauli ya bodaboda na siku ya kazi, na semina za chanjo humpita kwa sababu zinafanyika kliniki. Mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu, ndipo anapopatikana. Hesabu ya daftari isomwe hapo, kitongoji kwa kitongoji, bila kutaja majina ya wazazi: waliostahili wangapi, waliofika wangapi, siku ambazo chanjo haikuwepo ngapi. Na kwa safari ya miezi 9 na ya miezi 18, zile zenye mtoto mzito, abebe yeye. Hakuna mila ninayoijua ya milimani inayomkataza mwanamume kubeba kilo kumi.

Limebaki la kalenda, na linafaa kufanywa kabla mvua haijaanza. Nyanda za Juu Kusini mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Watoto waliozaliwa kati ya Februari na Julai ndio watakaotimiza miezi 9 ndani ya mvua hizo, wakati daraja la miti limechukuliwa na mama yuko shambani tangu alfajiri. Uluguru na Usambara hesabu ni nyingine: masika ya Machi hadi Mei yanawanasa waliozaliwa Juni, Julai na Agosti. Surua kwa kawaida haitolewi kabla ya miezi 9, kwa hiyo watoto hao hawawezi kuwahishwa. Ni mkoba ndio lazima uwafuate. Mwenye daftari la kitongoji anaweza kukaa jioni moja ya Oktoba, akachora mstari chini ya majina hayo, akayapeleka kwa muuguzi wa zahanati, wakakubaliana ni ng'ambo ipi ya mto kisanduku kitafunguliwa, nani atapokea simu, na nyumba ipi ina meza kavu.